Mteja Huyu ni wa Nani? Mwongozo wa Wawili Walio Kibanda Kimoja

Keroka ni mji mmoja wenye kaunti mbili. Mpaka wa Kisii na Nyamira unaupitia, na tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, pande hizo zimevutana zaidi ya mara moja kuhusu nani akusanye ushuru wa soko. Anayebaki katikati ni mama aliyetandaza ndizi zake, akijiuliza risiti ya nani ndiyo itakayomwokoa leo.

Kibanda cha maonyesho kinachokaliwa na wawili ni Keroka ndogo. Hema ni moja, meza ni moja, kodi mmechangia. Pesa ya papo hapo haina utata: kilichouzwa kina mwenyewe, naye anatia mfukoni. Ugomvi huja kwa kile ambacho hakijauzwa bado. Kuna namba ya mwalimu aliyesema atahitaji zawadi za siku ya tuzo. Kuna kadi ya meneja wa hoteli aliyeuliza bei ya jumla. Kuna mwenye duka wa Kisumu aliyepiga picha mali yenu yote, akaondoka bila kununua hata kimoja. Hao ndio wateja wa kesho, na kwa mfanyabiashara mdogo hao ndio wanaorudisha kodi ya kibanda.

Mwongozo huu unashikilia jambo moja: mteja wa kesho hugawanywa kwa kuangalia alichotaka yeye mwenyewe. Nani alishika kalamu, nani alisimama mbele, nani ana sauti tamu, hayo hayahesabiwi. Yanayofuata ni namna ya kulilinda jambo hilo lisipotelee kwenye vumbi na kelele za uwanja.

Semeni kabla ya kupakia mali

Maonyesho ya Chama cha Kilimo cha Kenya (ASK) hapa Kisii kwa kawaida huangukia mwezi wa Julai. Chama chenyewe ni cha tangu mwaka 1901, na kalenda yake huwachukua wafanyabiashara kutoka mji hadi mji: ukimaliza Kisii, Kisumu inakungoja, halafu Mombasa, halafu Nairobi. Wengi hupatana juu ya kibanda kwa simu, wiki moja kabla, na mazungumzo yote huwa ni ya kodi na usafiri. Mchongaji wa mawe wa Tabaka anawaza lori, kwa sababu jiwe ni zito. Muuza unga wa ndizi wa Nyamira anawaza mvua, kwa sababu unga hauogopi kitu kama maji. Suala la namba za wateja halitajwi na yeyote.

Litajeni. Kaeni chini nusu saa, kila mmoja na kikombe chake cha chai, mjibu maswali matano kwenye karatasi moja:

1. Nani analipa nini, na malipo hayo yanampa nini?
2. Kila mmoja wetu anakuja na wateja gani wa zamani?
3. Mteja asiyesema anataka bidhaa ya nani, tutamfanyaje?
4. Aliyeleta mteja kwa mwenzake atapata chochote? Kiasi gani, na lini?
5. Mapatano haya yanakwisha lini?

Swali la kwanza ndilo linalowachanganya wengi. Ikiwa mmoja amelipa theluthi mbili za kodi, apewe theluthi mbili za meza, au upande unaotazama njia. Hayo ni haki yake. Lakini asipewe theluthi mbili za wateja, kwa maana mteja hakukodiwa pamoja na hema.

Swali la pili linaonekana dogo, ila huzuia aibu kubwa. Kila mmoja aandike orodha ya wateja alio nao tayari: jina la duka au shule linatosha. Mteja wa zamani akitokea kibandani kusalimia, anabaki wa mwenyewe hata akikuta mwenyewe huyo ameenda kutafuta chakula. Orodha ikiandikwa baada ya maonyesho, kila mteja mnono atageuka kuwa wa zamani.

Wateja wa aina nne

Ukishaweka kando wateja wa zamani, wanaobaki huangukia mafungu manne, na kila fungu lina kanuni yake.

*Mteja wa mmoja.* Amekuja kwa bidhaa moja na ameisema. Anataka mabakuli ya jiwe, basi ni wa mwenye mawe, hata kama aliyempokea, akamweka kitini na kumpa bei ni muuza unga. Kazi yako hapo ni kumwandika vizuri na kumpisha.

*Mteja wa wote.* Huyu anataka vitu vyenu pamoja. Kwa mfano meneja wa hoteli anayetafuta zawadi za wageni: bakuli la jiwe na pakiti ya unga ndani ya boksi moja. Huyo mnamhudumia pamoja, lakini awe na mtu mmoja wa kumpigia simu. Wawili wakimpigia mteja mmoja kwa bei mbili, ataenda kwa wa tatu.

*Mteja wa zamu.* Ameacha namba na kusema tu, "Mtanitafuta." Hapa tumieni hekima ya nyumbani. Wazee wa Gusii walikuwa na egesangio: majirani wachache wakilima shamba la mmoja leo, la mwingine kesho, mpaka kila mtu afikiwe. Hakuna aliyeuliza shamba la nani lina magugu mengi zaidi. Mteja wa zamu wa kwanza aende kwa mmoja, wa pili kwa mwingine, bila kuchagua sura wala gari alilokuja nalo.

*Mteja wa bidhaa inayofanana.* Hili ndilo fungu gumu, nalo huwakuta wachongaji wawili wa Tabaka waliochangia kibanda. Wote wana viboko, wote wana sahani, wote wana familia ya watu waliokumbatiana. Mteja akisema "nataka sahani," anataka ya nani? Angalieni mkono wake. Kila mmoja akwaruze alama yake chini ya kila kipande kabla ya kuja, na kipande alichokiinua mteja na kukiulizia bei ndicho kinachosema yeye ni wa nani. Akiwa hajainua chochote, arudi kwenye zamu.

Daftari moja, lenye nakala

Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nililipuuza neno hilo mwaka mmoja nilipokaa kibanda kimoja na mchongaji, mimi nikiwa na unga wa ndizi na majani ya chai. Kila mmoja alikuwa na kijitabu chake. Siku ya pili, saa tisa hivi za mchana, mvua ikashuka kwa ghafla kama inavyojua kushuka Kisii, na watu zaidi ya kumi wakajisukuma chini ya hema letu. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni alikuwa amebanwa kwenye kona ya meza. Akawa anageuza bakuli la jiwe mkononi, jekundu kama waridi, huku akiniuliza bei ya unga. Kalamu yangu haikushika kwenye karatasi iliyolowa. Nikaandika kwa shida: "Mama wa gesti, unga," na namba.

Nilimpigia wiki iliyofuata akanunua unga. Nilipomkumbusha bakuli, alicheka. Alishanunua ishirini na nne kwa mtu mwingine, kwa kuwa alisubiri simu ya mwenye mawe na haikuja. Sikuwa nimeiba, nilikuwa nimesahau. Ila kwa mwenzangu, kusahau kwangu na wizi vilikuwa na bei moja.

Tangu hapo nina kanuni ya daftari moja kwa kibanda kizima, la nakala, lenye karatasi ya kaboni katikati, ili kila ukurasa uwe na pacha wake. Iwepo penseli pia, kwa sababu penseli huandika hata karatasi ikiwa na unyevu. Mstari wa mteja uwe hivi:

*Namba 14. Jumatano, saa nane mchana. Mwalimu, shule ya bweni, Nyansiongo. Anataka: "sahani ndogo 40 zenye jina la shule, za siku ya tuzo." Alishika: sahani ya M. Aliongea na: N. Ruhusa: wote wawili. Apigiwe na: M, kabla ya Ijumaa.*

M ni mwenye mawe, N ni mwenye ndizi. Utaona haja ya mteja imeandikwa kwa maneno yake mwenyewe. Mwandishi akiandika "zawadi" tu, kesho mwenye unga atasema unga nao ni zawadi. Utaona pia aliyeongea naye si yule atakayempigia. Safu hizo mbili zikikaa kando kando, kila mtu anaona jasho la mwenzake limeandikwa, hata pale mteja alipokwenda upande mwingine.

Jioni, kabla ya kufunga turubai, someni mistari ya siku kwa sauti. Palipo na shaka, amueni hapo hapo mteja angali machoni penu. Tieni sahihi chini ya ukurasa, kila mmoja aupige picha kwa simu, kisha mgawane nakala. Ni kazi ya dakika kumi. Mkiiahirisha hadi siku ya mwisho, mtakuta majina ambayo hakuna anayekumbuka sura zake.

Muulize mwenye namba

Namba ya simu si yako wala ya mwenzako, ni ya mteja. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amweleze anazikusanyia nini na nani mwingine atazipata. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data si ya kutishia watoto. Septemba 2023 ilitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu ilizozipata kwa watu wengine. Kibanda chako hakifanani na kampuni hiyo, lakini kosa la kupitisha namba ya mtu bila yeye kujua ni la ukoo mmoja.

Ruhusa haihitaji fomu ndefu. Sema hivi:

"Mama, nitaandika namba yako ili tukupigie kuhusu sahani. Sisi ni wawili hapa, mimi ni wa unga na ndugu yangu huyu ni wa mawe. Tukupigie sote, au yeye peke yake?"

Maneno hayo machache yanafanya kazi mbili. Yanamjulisha mteja kama sheria inavyotaka, na yanamfanya mteja ajigawe mwenyewe. Akisema "yeye peke yake," neno limekwisha, na hakuna wa kumlaumu mwenzake. Akisema "nyote," andika hivyo. Asubuhi moja ya kuuliza swali hili itakuondolea nusu ya magomvi ambayo mwongozo huu umeandikiwa.

Kumbuka pia kwamba ruhusa ina mipaka yake. Aliyekubali kupigiwa kuhusu sahani hakukubali kuingizwa kwenye kundi la WhatsApp linalotuma picha za bidhaa kila alfajiri.

Asante ya aliyeelekeza

Je, muuza unga aliyempokea yule mwalimu wa Nyansiongo apate kitu? Kuna majibu mawili, na yote ni ya haki mradi mmekubaliana mapema.

La kwanza ni kutolipana kabisa: leo wewe umenipokelea, kesho mimi nitakupokelea. Hili linawafaa walio karibu sawa kwa mali na kwa siku za kukaa kibandani. La pili ni kamisheni ndogo, nalo linafaa pale mmoja anapokaa kibandani muda mrefu kuliko mwenzake.

Mkichagua kamisheni, iwe ya oda ya kwanza tu, na ihesabiwe kwa pesa iliyoingia, wala si kwa iliyoahidiwa. Tuseme mmepatana asilimia 5, na mwalimu ameagiza sahani za shilingi 36,000. Asante ni shilingi 1,800. Akitanguliza nusu, yaani 18,000, basi mwenye mawe anamtumia mwenzake 900 siku hiyo kwa M-Pesa, na 900 nyingine siku ya kupeleka mzigo. Mwalimu akiingia mitini baada ya kutanguliza, kila mtu amepata fungu lake la kile kilichopatikana.

Jambo la kukataa kabisa ni kuongeza bei kimyakimya. Mteja anakuuliza bakuli la mwenzako, wewe unamtajia 500 huku ukijua mwenzako anauza 350, na ziada unaificha. Huo ni ubroka, na hapa kwetu kila mkulima wa ndizi na wa chai anaujua uchungu wake. Siku mteja atakapompigia mwenye bakuli mwenyewe, utapoteza wawili kwa mpigo.

Oda ya pamoja na oda kubwa

Turudi kwa meneja wa hoteli. Anataka maboksi 60 ya zawadi. Hesabu iwekwe wazi mbele ya wote wawili, kila mtu akitaja bei yake mwenyewe. Kwa mfano, bakuli 350, unga 200, boksi na kulifunga 50. Boksi moja ni shilingi 600, na zote ni 36,000: za mawe 21,000, za unga 12,000, za kufungia 3,000. Atakayempigia meneja simu ndiye atakayeandika ankara, naye amtumie mwenzake picha ya ankara hiyo kabla haijatoka, na picha ya malipo siku yanapoingia. Nauli ya kupeleka igawanywe kwa uzito wa mzigo. Mwenye mawe asinung'unike hapo.

Oda ikizidi uwezo wa mmoja, mwenzako wa kibanda awe wa kwanza kuulizwa. Kuchonga hakuendi mbio: kuna kuchonga, kuna kusugua kwa msasa ndani ya maji, kuna kukausha, kuna kupaka nta. Sahani 500 kwa wiki tatu zaweza kumshinda mtu na jamaa zake wote. Akiwa kibandani na mchongaji mwingine, amgawie kazi kwa bei ile ile anayolipwa yeye, akitoa tu gharama za simu na usafiri alizotumia. Bora mteja apate vipande kutoka mikono miwili vinavyofanana ubora kuliko apate nusu ya oda na visingizio.

Baada ya uwanja kufungwa

Mteja wa kesho hupoa kama ugali. Ndani ya saa arobaini na nane, kila mmoja awe amewapigia wateja wake, au angalau amewatumia ujumbe unaowakumbusha walichotaka. Ujumbe mzuri ni mfupi: "Habari mwalimu. Ni mchongaji wa Tabaka tuliyeonana Jumatano kwenye shoo ya Kisii. Ulitaka sahani 40 zenye jina la shule. Nikutumie picha ya mfano?"

Wekeni pia kanuni ya siku saba. Mteja ambaye mwenyewe hajampigia kwa wiki nzima, mwenzake ana ruhusa ya kumpigia na kumhudumia akiwa na bidhaa inayofaa, mradi mteja alikubali kupigiwa na wote. Kanuni hii inamwamsha mvivu, na inamzuia mtu kukalia majina asiyoyatumia.

Mwenzako akikupa mteja, mrudishie habari. Neno moja linatosha: "Yule wa Nyansiongo amelipa nusu," au "Amesema mpaka muhula ujao." Aliyekupa mteja akikaa miezi bila kusikia lolote, atadhani umeuza ukala peke yako, hata kama hujauza kitu.

Mapatano yawe na mwisho. Miezi sita inatosha. Baada ya hapo, mteja ni wa yule aliyemhudumia, na daftari la shoo linakuwa kumbukumbu tu.

Mkikosana

Mtakosana siku moja, hata mkiwa ndugu wa tumbo moja. Mambo matatu yatawasaidia.

Kwanza, msibishane mbele ya mteja. Akisimama mezani, wa kwanza aliyemsalimu amalize naye. Daftari litaamua jioni.

Pili, uliza kabla ya kulaumu, na uulize ukiwa na ukurasa mkononi. "Dada, namba 14 imeandikwa nimpigie mimi, naye ameniambia mmeshaongea. Ilikuwaje?" Huenda mteja ndiye aliyempigia. Huenda alitaka unga safari hii. Swali humwachia mwenzako mlango wa kujieleza, lawama huufunga.

Tatu, chagueni mtu wa tatu mapema, mngali mnacheka: mwenyekiti wa kikundi chenu, au mfanyabiashara mzee anayejua kazi zenu nyote wawili. Asiwe jamaa wa mmoja. Akisoma daftari na kuamua, iwe imekwisha.

Jioni ya mwisho

Siku ya kufunga, kila mtu ana haraka. Lori la Tabaka linapiga honi, matatu ya Nyamira inajaza, watoto wanauliza mmerudi na nini. Kabla ya kunyanyua boksi la kwanza, kaeni juu yake, mfungue daftari kutoka mstari wa kwanza, msome majina yote kwa zamu: mmoja anasoma, mwingine anajibu "wangu," "wako," au "wetu."

Mahali ambapo mmesema "wangu" kwa pamoja, simameni. Msiendelee mpaka mstari huo umepata mwenyewe, hata dereva akikasirika. Dereva ataondoka na hasira yake jioni ile ile. Mstari ulioachwa bila mwenyewe mtaukuta kibandani Julai ijayo, kama bado mtakuwa mnakaa kibanda kimoja.